Ukurasa Uliokunjwa

Elinipa alikuwa mtu wa kukunja. Ukitaka kumjua mwanamke huyu wa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, usianze na vyeti vyake. Fungua kabati lake. Khanga zimekunjwa na kupangwa kwa rangi, taulo zimekunjwa mara tatu, na karatasi za matangazo ya kanisani za mwaka mzima zimekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Juliana, mpangaji mwenzake, alizoea kumtania kwamba siku atakayoolewa, mume naye atakunjwa na kuwekwa rafu ya chini. Elinipa alicheka, halafu akamkunjia Juliana nguo zilizokuwa kwenye kamba.

Unadhifu si dhambi, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kupanga kabati. Tatizo la watu nadhifu ni kwamba wakishaona kitu kimekaa vizuri, wanadhani kimekaa sawa.

Alikuja Kibaha akiwa na miaka ishirini na tatu kutoka Same, mwalimu mpya wa hisabati mwenye sanduku moja na sufuria mbili. Alifundisha miaka tisa. Mchana alifundisha milinganyo, jioni alijifundisha kompyuta, mpaka akaacha chaki na kwenda kufanya kazi Maili Moja, kwenye ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ofisi hiyo iliitwa Mfereji. Ilikuwa imetunga lugha ndogo ya kuiandikia kompyuta, nayo ikaitwa Mfereji vilevile, yenye maneno ya Kiswahili, ili mafundi maji wa vijijini waweze kuandika mistari michache kwenye simu na kuendesha pampu, matenki na dawa ya maji bila kumsubiri mhandisi kutoka mjini. Wengine ndio waliotunga lugha. Elinipa ndiye aliyeandika mwongozo wake, ukurasa kwa ukurasa, na ndiye aliyezunguka vijijini kuwafundisha mafundi.

Ndani ya lugha ile mlikuwa na amri ambazo kila moja ilikuwa na jina moja lakini njia nyingi. Darasani Elinipa alizieleza kwa jiko. Ukimwambia mtu "pika", alisema, atakuuliza pika nini? Ukimpa mchele atafanya hivi, ukimpa unga atafanya vile, ukimpa majani ya chai atafanya vingine kabisa. Neno ni lilelile, njia inachaguliwa kwa kile ulichompa mkononi. Mafundi walicheka na kuelewa. Amri iliyotumika kuliko zote iliitwa *kipimo*. Uliipa chanzo chako cha maji, nayo ilikupa idadi ya makopo ya dawa ya kutia kwenye tenki. Ilikuwa na njia ya kisima kirefu, ya mto, ya maji ya mvua, na ya lambo, ambayo ilidai uiambie pia maji yana tope kiasi gani. Mwisho ilikuwapo njia ya jumla, ya kutumika pale ambapo hakuna nyingine iliyolingana na ulichotoa. Na kwa kuwa lugha ile iliruhusu kila fundi kuongeza njia yake, kulikuwa na njia ya mapipa iliyotoka kijiji cha Janga, na nyingine ya matenki ya shule, na nyingine ambazo hata Elinipa hakuzikumbuka mpaka azitafute.

Ukurasa wa *kipimo* ukarefuka, ukawa kama hotuba ya mgeni rasmi. Elinipa hakuweza kuuvumilia. Miaka minne nyuma aliukunja. Juu aliacha jina la amri na njia ya jumla, safi, na mfano mmoja chini yake. Njia nyingine zote kumi alizificha chini ya kishale kidogo mno. Ukikigusa, zinafunguka. Usipokigusa, hujui kama zipo. Leodegar, mkuu wa ofisi, mtu wa tai hata wakati wa joto la Januari, aliuonyesha ukurasa ule kwenye kikao na kusema hivi ndivyo mwongozo unavyotakiwa kuwa. Watu wakapiga makofi, wakanywa soda. Elinipa alirudi nyumbani siku ile akiwa na furaha ambayo hakuipata hata siku ya mahafali.

Tangu siku hiyo mpaka Machi ya mwaka huu, hakuna aliyelalamika.

Jumamosi ya kwanza ya Machi alikwenda Mlandizi kununua mchele, na kwa kuwa alikuwa na nyimbo za kwaya za kutoa kopi, akaingia steshenari ya Dotto, pale karibu na kituo cha mabasi. Dotto alikuwa kijana wa maneno mengi na mashine tatu, mbili mbovu. Alikuwa analamineti, anafunika karatasi kwa plastiki. Karatasi zilitoka kwenye mashine moja moja, zikiwa za moto, ngumu, zinang'aa, naye anazipanga juu ya kaunta.

Elinipa aliutambua ukurasa wake kabla hajausoma. Herufi zilikuwa zake, mstari wa bluu alikuwa ameuchora yeye. *Kipimo*. Njia ya jumla. Mfano mmoja. Chini ya hapo palikuwa na kishale, kimechapishwa kwa wino mweusi juu ya karatasi, kikielekeza kwenye weupe mtupu.

"Hizi za nani?" aliuliza.

"Za mafundi maji, dada. Hawa ni wateja wangu hasa. Wanasema bando linaisha, mtandao huko kwao wa kubahatisha, sasa mtu akishapata karatasi yake akaitundika kwenye nyumba ya pampu, yamekwisha. Haimalizi bando, hailowi."

"Na hizi za chini? Njia nyingine?"

Dotto aliichukua moja, akaigeuza huku na huku. "Zipi? Inatoka hivyohivyo. Ukurasa mmoja tu. Ndiyo maana wanaipenda."

Elinipa aliuliza ametoa ngapi, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya mtu anayepiga soga. Dotto alifungua daftari la oda. Tangu mwaka jana mwezi wa tano, alisema, zimefika sitini na moja. Na siyo za Kibaha peke yake. Watu wa Kisarawe wanaagiziana.

Hapo alipaswa kusema jambo. Alipaswa kumwambia Dotto asitoe nyingine hata moja. Alisema, "Kazi nzuri, zimenyooka," akalipia kopi za kwaya na kutoka. Mchele aliusahau.

Njiani kurudi alijiambia maneno mengi ya kujipoza. Mafundi aliwafundisha mwenyewe. Wengi wao wanatumia visima virefu, na kwa maji safi ya kisima njia ya jumla inatoa jibu sahihi. Atakayehamia chanzo kingine bila shaka atakumbuka. Hata hivyo aliogopa, na alijua anachokiogopa. Njia ya jumla ilihesabu maji kama yaliyotulia na kuwa meupe. Fundi mwenye lambo lenye tope akiiita amri na kuipa lambo peke yake, bila kuitajia tope, njia ya lambo haitalingana na alichotoa, na ile ya jumla itampokea. Haitakataa wala kupiga kelele. Itampa makopo mawili badala ya sita, kwa upole kabisa, naye atashukuru.

Jumatatu alimkabili Leodegar. Alikuwa ameandika kwenye karatasi namna ukurasa unavyotakiwa kuwa: juu jina la amri na sentensi moja inayosema kazi yake, kisha mara moja jedwali la njia zote, upande huu ukitoa nini, upande ule utapata njia ipi na itahitaji nini zaidi. Njia mahususi zitangulie, ile ya jumla iwe ya mwisho, na pembeni yake paandikwe waziwazi kwamba hutumika pale tu zote za juu zimeshindwa kulingana. Za mafundi wa vijijini zikusanywe hapohapo pamoja na majina ya waliozitunga. Na lolote litakaloonekana kwenye simu lionekane kwenye karatasi.

Leodegar aliisoma huku anakaza tai. "Eli, hii ni hatua ya kurudi nyuma. Mtu akifungua akute orodha ya njia kumi na moja, si atakimbia? Tumepata sifa kwa ule ukurasa."

"Wanauchapisha, bosi. Ukichapishwa, njia kumi zinabaki kwenye kompyuta."

"Kuna mtu ameumia?"

"Hapana. Bado."

"Basi. Wageni wetu wafadhili wanakuja tarehe ishirini. Wakikuta tunapangua mwongozo, watadhani kila kitu ni kibovu. Tulete kwenye kikao cha mwisho wa mwezi." Alipoona uso wake haujalegea, akaongeza, "Na kule kwenye kundi la mafundi usiandike kitu cha kuwatisha. Ukimwambia mtu wa kijijini dawa ya maji ina utata, ataacha kutia kabisa."

Kusema haki, neno hilo la mwisho halikuwa la kipumbavu. Lakini si hilo lililomnyamazisha Elinipa. Jioni ile alikaa kibarazani na simu mkononi, akaandika kwenye kundi la mafundi: *Ndugu zangu, ile karatasi mliyotundika haijakamilika.* Akaisoma. Akaona maswali yatakayofuata, na la kwanza kati yao: nani aliiandika? Akaona makofi ya miaka minne nyuma yakigeuka kuwa minong'ono. Akafuta herufi moja moja mpaka kisanduku kikabaki cheupe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Elinipa aliijua methali hiyo, alishawahi kuiandika ubaoni. Akaenda kukunja nguo.

Siku zilizofuata alikuwa anakula nusu sahani. Juliana alimuuliza kama ni malaria. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Ruvu kila mchana na kutawanyika bila kunyesha, na Elinipa akajikuta anayatazama kuliko kawaida. Mvua ikianza, malambo yatajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kila simu ilipoita alitazama kwanza kama ni fundi. Kila ilipokuwa mtu mwingine alijichukia kwa nafuu aliyoipata.

Ijumaa ya wiki ya pili, saa nane mchana, iliita.

"Mwalimu, za huko? Ni mimi Sikuzani, wa Mitengweni."

Elinipa alimkumbuka vizuri. Mitengweni ni kijiji cha ndani huko Kisarawe, na Sikuzani alikuwa fundi maji wake, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, aliyekaa mstari wa mbele siku zote tatu za mafunzo na kuandika kila neno. Wanaume wa kamati ya maji walimpinga wakati anachaguliwa. Walisema mwanamke hawezi kushika ufunguo wa nyumba ya pampu. Alikuwa ameushika miaka miwili bila doa.

"Nzuri, Sikuzani. Kuna nini?"

"Hakuna kubwa, mwalimu. Nilitaka kukushukuru tu, halafu nikuulize kidogo. Pampu ya kisima imekufa. Tangu Jumatatu tunavuta kwenye lambo. Mimi nilidhani dawa itapanda, maana yale maji, mh! Nikaandika kama karatasi inavyosema, *kipimo*, nikaipa lambo. Ikatoa makopo mawili, yaleyale. Nikasema alhamdulillahi, mfuko utatufikisha mwezi ujao."

Elinipa alishika ukingo wa meza. "Na tope? Uliipa tope?"

"Tope gani, mwalimu? Karatasi haina tope."

Sikuzani alidhani mtandao umekata, akaita haloo mara mbili.

"Nipo. Sikuzani, kuna mtu anaumwa?"

"Ndiyo nilitaka kukuuliza. Watu wanaharisha. Kumi na nne mpaka leo asubuhi. Wazee wanasema ni maembe. Baba yangu naye tangu Jumatano, hashiki chakula, jana tumempeleka hospitali Kisarawe." Sauti yake ikashuka. "Mwalimu, maji hayawezi kuwa, eti? Dawa si natia kila siku?"

Elinipa alimwambia afunge mabomba yote saa hiyohiyo. Watu wachemshe kila tone walilonalo ndani. Kesho asubuhi anakuja mwenyewe. Sikuzani aliuliza awaambie watu sababu gani. Elinipa akasema sema tenki linaoshwa. Hata wakati ule, bado alikuwa anakunja.

Alipokata simu hakwenda kwa Leodegar. Funguo za mwongozo alikuwa nazo. Alikaa kwenye kompyuta yake, akaukunjua ukurasa. Njia zote kumi na moja zikajipanga juu ya kioo, mahususi juu, ya jumla chini kabisa ikiwa na onyo lake. Ukurasa ulikuwa mrefu, mbaya wa sura, na hapakuwa na kitu kilichojificha. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuisoma ile amri na kujua ina milango mingapi na yeye anaingilia upi. Kazi ile ilimchukua saa moja na nusu. Saa moja na nusu! Aliweka kichwa juu ya meza akalia, maana kwa karibu wiki mbili alikuwa akiiogopa kazi ya saa moja na nusu.

Kisha akaandika kwenye kundi la mafundi, safari hii bila kufuta. Ujumbe ulionyesha umefika kwa watu tisa. Wengine walikuwa wamezima simu, au hawana bando. Karatasi zao hazikuhitaji bando.

Jumamosi asubuhi alipanda bodaboda, wakakata Kiluvya kuelekea Kisarawe. Mbingu ilikuwa imeinama, na upepo ulileta harufu ya ardhi iliyolowa mahali pengine. Dereva alijaribu kupiga soga, akachoka. Kila walipopita kijiji chenye tenki juu ya mnara, Elinipa aligeuza shingo kulitazama mpaka likapotea. Alijua ndani ya kila kijumba kilicho chini ya minara ile kuna ukuta, na kwenye ukuta huenda kuna msumari.

Walifika Mitengweni saa nne. Mabomba yalikuwa yamefungwa, ndoo zimepangwa foleni bila wenyewe. Wenyewe walikuwa kwenye ofisi ya kijiji, chumba kimoja cha tofali na bati, wamejaa ndani na wengine wamesimama madirishani. Mbele kwenye kiti cha plastiki, peke yake, alikuwa amekaa Sikuzani. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa dawa ya maji.

Elinipa alijipenyeza, akamsalimu mwenyekiti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja wakati mzuri," alisema mzee Salumu. Alikuwa mtu mtaratibu, na utaratibu wake ndio uliotisha. "Kaa ushuhudie. Huyu tulimpa ufunguo wa uhai wetu. Wagonjwa wamefika kumi na tisa. Jana kafunga mabomba, anasema tenki linaoshwa. Tumekwenda kutazama, tenki halijaguswa. Sasa tazama huo mfuko."

Mtu mmoja aliunyanyua mfuko ili kila mmoja auone. Ulikuwa umejaa zaidi ya nusu.

"Kwa maji ya lambo, mfuko huu ulitakiwa uwe umekwisha," alisema mzee Salumu. "Hata mimi nisiyejua kompyuta najua maji machafu yanakula dawa. Haukwisha kwa sababu hakutia. Ama ni uvivu, ama kuna alilokusudia."

Kutoka dirishani sauti ya mwanamke ilisema, "Na baba yake mwenyewe kamnywesha!" Watu wakaguna.

"Nimetia," alisema Sikuzani. Hakuinua uso. "Kila asubuhi, makopo mawili, kama karatasi inavyosema."

"Karatasi imetoka kwa wataalamu," alisema mzee Salumu. "Wataalamu hawakosei kitu kama hiki. Aliyekosea ni msomaji."

Na hapo Sikuzani akasema neno lililomchoma Elinipa kuliko mengine yote. Alisema, "Labda nimesoma vibaya. Elimu yangu ndogo. Labda nimekosea mimi."

Elinipa angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Sikuzani angenyang'anywa ufunguo na kuishi kijijini humo akiitwa muuaji mpaka uzeeni, na Mfereji ingewapokea wageni wake tarehe ishirini kwa soda. Elinipa aliliona hilo lote kwa uwazi, kama hesabu iliyokwisha kufanywa ubaoni. Akasimama.

"Hakusoma vibaya," alisema. "Karatasi nimeiandika mimi. Njia ya lambo ipo, nimeiandika pia, lakini niliikunja isionekane ili ukurasa upendeze. Inapochapishwa haitoki. Sikuzani amefuata kila neno nililompa. Maji ya lambo lenu yalitaka makopo sita. Mimi ndiye niliyemwambia mawili. Na hilo la kuosha tenki, uongo ule ni wangu, nilimfundisha jana kwenye simu."

Mzee Salumu alimtuma mtu nyumba ya pampu, naye akarudi na karatasi. Ilikuwa imepauka kidogo upande wa dirishani. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiutazama weupe uliokuwa chini ya kile kishale, hata wasiojua kusoma, mpaka ikamfikia Sikuzani. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Elinipa.

"Mwalimu, wewe umejua lini kwamba karatasi ina kasoro?"

Elinipa angeweza kusema jana. Jana ndipo alipopigiwa simu, na hapakuwa na mtu Mitengweni ambaye angembishia.

"Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu," alisema. "Nilikuwa Mlandizi. Niliziona zikichapishwa."

Sikuzani alihesabu kwa vidole, polepole, kama alivyofundishwa kuhakikisha hesabu kabla ya kutia dawa. "Sisi tumehamia lambo Jumatatu ya wiki hii. Siku tisa."

"Siku tisa."

"Simu yangu ilikuwa hewani siku zote tisa," alisema Sikuzani. Alisimama, akachukua ufunguo wa nyumba ya pampu shingoni mwake na kuuweka juu ya meza ya mwenyekiti, ingawa hakuna aliyeuomba tena. Kwa mkono uleule akampa Elinipa karatasi. Alikuwa anaondoka kwenda hospitali, kwa baba yake, mzee Mwinshehe, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ametundikiwa dripu ya sita na hajamtambua mtu. Watu walimpisha njia. Yule mwanamke wa dirishani alivuta khanga usoni.

Elinipa alibaki amesimama katikati ya chumba. Mikono yake, kwa mazoea ya miaka mingi, iliikunja ile karatasi katikati, ikaibana kwa kidole gumba. Alipoachia, plastiki ilijikunjua yenyewe, ikanyooka mbele ya watu wote.

"Mwalimu," alisema mzee Salumu. Sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu aliyeanza kuogopa. "Umesema uliziona zikichapishwa. Karatasi kama hii ziko ngapi?"

"Sitini na moja."

"Na mpaka leo umeondoa ngapi ukutani?"

Juu ya bati matone ya kwanza yalianza kugonga, mazito, machache. Watu wakainua vichwa kusikiliza.

"Hii ndiyo ya kwanza," alisema Elinipa.